Somo la Ukweli

Msomaji wangu, katika kazi za mwalimu wa watoto wadogo sijaona iliyo nyepesi kuandikwa ubaoni na nzito kutendwa kama kufundisha tabia njema. Hesabu hukubali kusahihishwa kwa wino mwekundu, tabia haikubali. Katika chuo cha ualimu tulifunzwa kuandaa somo la upole vile vile kama somo la mito na milima: shabaha juu, hatua katikati, maswali chini. Siyadharau mafunzo hayo. Mtoto asiyefunzwa kungoja zamu yake, kuomba radhi, na kumsikiliza mwenziwe mpaka amalize neno, huingia duniani kama mgeni asiyebisha hodi. Mambo hayo hufundishika, tena kwa vitu vidogo. Katika joto la Garissa niliweka mtungi wa maji na kata moja pembeni mwa darasa, nikatoa amri kwamba achotaye amnyweshe mwingine kabla ya kunywa yeye. Mtungi ule ulifanya kazi ambayo hotuba zangu kumi zisingaliifanya.

Ukweli ni shida nyingine.

Garissa ni mji ulio kando ya mto Tana, na wengi wa wenyeji wake ni Wasomali Waislamu. Katika darasa langu la nne Wakristo walikuwa sita tu, watoto wa askari, wauguzi na makarani waliotoka sehemu nyingine za Kenya. Saa ya dini ilipofika darasa liligawanyika. Maalim alibaki ndani na wale wengi, nami niliwachukua sita wangu chini ya mwarobaini, na hapo ndipo nilipowafundisha habari za Msamaria mwema, za msamaha, na za ukweli.

Yakupasa kukumbuka nyakati zenyewe. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa na watu wa al-Shabaab. Abiria wasio Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa kundi hilo hilo waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Uwanja ule ulikuwa chuo cha ualimu mpaka mwaka wa 2011. Baada ya hayo hapakuwa na Mkristo wa mji wetu aliyepanda basi bila kuhesabu vizuizi vya njiani, na watoto walihesabu pamoja na wazazi wao.

Basi katika muhula wa kwanza wa 2016 nilikuwa nikieleza kwamba Mkristo hapaswi kusema uongo. Mvulana mmoja wa miaka kumi aliinua mkono. Alisema, "Mwalimu, mama amenifunza kwamba basi likisimamishwa na watu wabaya, nikaulizwa jina, niseme naitwa Hassan. Je, hiyo ni dhambi?" Wenziwe watano waliinama wakachora mchangani kwa vijiti. Nilifahamu kwamba kila mmoja alikuwa na jina lake la safarini.

Fikiri, msomaji, wewe ungalijibu nini. Kumwambia mtoto kwamba ukweli hauna udhuru hata mbele ya bunduki ni kumwambia kwamba mama yake ni mwalimu wa dhambi. Kumwambia kwamba uongo wafaa penye hatari ni kumpa ufunguo ambao kesho ataufungulia kila mlango, kwani kwa mtoto hata kukemewa kwa sababu ya kalamu iliyopotea ni hatari. Wakubwa wenyewe wamebishana tangu zamani. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba kila uongo ni dhambi, ujapokuwa wa kuokoa maisha. Wengine baada yake waliona kwamba muuaji hana haki ya kudai ukweli. Mimi namheshimu Augustino, lakini hakuwa na watoto sita chini ya mwarobaini wakimngoja.

Niliwasimulia habari za wakunga wa Misri, ambao Farao aliwaamuru kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania. Hawakuwaua, na walipoulizwa walimpa mfalme kisingizio. Na Maandiko yanasema Mungu aliwatendea mema. Kisha nikamwambia mvulana yule amtii mama yake.

Wakati wa chai nilimweleza Maalim mambo yale. Alikoroga sukari kitambo kirefu. "Mwalimu," aliniambia, "leo mimi nimefundisha habari za Najashi." Huyo alikuwa mfalme Mkristo wa Habasha, ambaye Waislamu wa kwanza walimkimbilia yapata mwaka wa 615. Makureshi walituma wajumbe wenye zawadi ili wakimbizi warudishwe Makka. Mfalme aliwasikiliza wakimbizi kwanza, kisha akakataa kuwatoa. "Sita wako hawakumsikia Najashi," alisema Maalim, "na wangu hawakumsikia Msamaria wako. Kesho tuwaketishe pamoja."

Tukawaketisha. Baada ya hadithi hizo mbili tuliwaambia habari ya tatu, ambayo haikuwa ya kale. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi la kwenda Mandera lilishambuliwa, na abiria Waislamu waliamriwa kujitenga na Wakristo. Walikataa. Baadhi ya wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo mavazi yao ya kujifunika ili wasitambulikane. Naibu wa mwalimu mkuu wa shule moja ya Mandera, Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika shambulio lile, akafariki Nairobi Januari 2016, wiki chache tu kabla ya somo letu.

Niliwauliza watoto: wale waliotoa mitandio walisema kweli au walisema uongo? Mmoja alijibu kwamba kitambaa hakisemi. Mwingine akasema kinasema, tena kwa sauti kubwa. Wakabishana vizuri, kila mtu akingoja zamu yake, jambo ambalo nakiri lilinifurahisha kuliko majibu yenyewe. Katikati ya mabishano mvulana wangu, bila kuombwa, alitaja lile jina lake la safarini.

Msichana mmoja wa Kisomali aliyeketi mbele yake aligeuka. "Hassan nani?" aliuliza.

Mvulana hakujua.

"Hassan peke yake si mtu. Watakuuliza baba yako nani na babu yako nani." Kisha akaanza kumhesabia babu zake mwenyewe kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, na kila mvulana alipokosea alimrudisha mwanzo. Maalim, aliyekuwa akikusanya chaki, alimsahihisha ile herufi ya kooni mwanzoni mwa jina. Kengele ilipolia walikuwa wamefika kwa babu wa tano.