Ufa Huulizwa Kwanza

Mwaka 1986, nilipoanza kazi ya ufundi sanifu katika ofisi ya Ujenzi mkoani Morogoro, barabara ilikuwa na dawa moja tu: pipa la lami. Tulilipandisha juu ya mawe matatu kama chungu cha pombe, tukachochea kuni mpaka lami ikayeyuka na moshi ukatukohoza sote. Shimo lilifagiwa kama ufagio ulikuwepo. Kokoto zilimwagwa, lami ikamiminwa kwa debe lenye matundu, lori likapita juu mara mbili tatu kushindilia, nasi tukahamia shimo linalofuata. Masika yakija shimo lilirudi, safari hiyo na mdogo wake pembeni.

Nyapara wetu alikuwa mzee aliyeshika sururu tangu enzi za PWD, idara ya ujenzi ya wakoloni. Neno "kuziba" halikumpendeza. Siku moja aliniita kwenye shimo la ukubwa wa ungo, akatoa chaki, akachora mstatili mpana mara mbili ya shimo lenyewe.

"Mwanangu, kata hapa."

"Mzee, mbona hapa pazima?"

Akagonga kwa mtaimbo. Sauti ilitoka bubu, kama ya mtungi wenye ufa. Akasogea hatua moja, akagonga tena. Hapo chuma kililia. "Pazima ni hapa," akasema.

Tukakata hadi pale chuma kilipolia. Kingo tuliziacha wima, tukafagia vumbi lote, tukapaka lami ya moto chini na ubavuni kama samli kwenye chapati. Kisha tukajaza tabaka kwa tabaka, kila moja likishindiliwa peke yake, na juu tukaacha paumuke kidogo ili magari yamalizie. Kiraka kile nilikipita kwa miaka, kikiwa mahali pake wakati viraka jirani vilikwisha kuchomoka.

Mzee alinifundisha kukata. Kuuliza nilijifunza kwa aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Fedha za miradi zilikuwa zimeanza kupatikana, mitambo imekuja, na mimi nimepewa kusimamia kipande kimoja cha barabara kuu. Chini ya mteremko palikuwa na kama mita mia mbili zilizopasuka nyufa ndogondogo zilizoungana, mithili ya ngozi ya mamba. Sikupoteza muda. Niliagiza tabaka jipya la lami nzito litandazwe juu yake. Siku ya kumaliza barabara iling'aa, madereva wakatupungia mikono, nikapiga na picha.

Mvua moja tu ilitosha. Nyufa zilitokeza palepale, na kila lori lilipopita, tope jepesi lilitemwa kutoka ndani yake. Tulipochimba tuliikuta lami yangu haina kosa. Msingi uliokuwa chini yake ndio ulioshikika mkononi kama udongo wa mfinyanzi. Hatua thelathini tu kutoka pale, kalavati lilikuwa limejaa mchanga na magugu. Maji yalikosa njia ya kuvuka barabara, yakaamua kuishi chini yake. Nilikuwa nimemvisha mgonjwa shati jipya.

Tangu hapo nilianza kuona kwamba nyufa hazifanani. Ufa mmoja mrefu, msingi ukiwa mzima, mara nyingi unatokana na lami iliyozeeka na kukakamaa kwa jua; huo uzibe mapema kabla maji hayajaingia. Uso uliochakaa na kuanza kuchomoka kokoto, lakini haujabonyea, unatosheka na lami nyepesi: lami inapulizwa, kokoto safi zinatandazwa, rola linapita. Nasema safi kwa sababu kokoto yenye vumbi hainati, na wiki ya kwanza tu huishia kwenye vioo vya magari. Ngozi ya mamba ni habari nyingine. Hiyo inakuambia msingi umechoka au umelowa, na dawa yake haipakwi juu.

Hata kubonyea kuna aina zake. Kwenye miinuko, malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanda polepole, jua likiwa limelainisha lami. Ukiona mifereji ya magurudumu na kando yake lami imefutuka kama mkate, ujue lami yenyewe imesogea. Ikwanguliwe, iwekwe iliyochanganywa vizuri zaidi. Ukiona bonde pana lisilo na mfutuko pembeni, kilichodidimia ni msingi. Hapo husagwa tabaka la zamani, likachanganywa na saruji, likashindiliwa upya kabla ya kutandaza lami.

Siku hizi hatubahatishi kama zamani. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoona boriti ya Benkelman. Ni mkono mrefu wa chuma ambao ncha yake huingizwa katikati ya magurudumu pacha ya nyuma ya lori lililopakiwa. Lori likiondoka, barabara iliyokuwa imebonyea huinuka, na saa ndogo husoma mwinuko huo kwa sehemu za mia za milimita. Nilipiga magoti pale nikitazama mshale unavyorudi. Miaka kumi nilikuwa nimefanya kazi juu ya barabara bila kujua kwamba inapumua.

Na uzito nao una hesabu yake. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara hayakui sawa na mzigo. Yanakua kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli ya tani 12 huumiza barabara karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ikaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, na mizani ya barabarani inayowaudhi madereva nayo ikawa sehemu ya tiba.

Ofisi zilibadilika pia. Wakala wa barabara wa TANROADS ulianza mwaka 2000 na kubeba barabara kuu na za mikoa; TARURA ikaja 2017 kwa ajili ya zile za mijini na vijijini. Dawa zimeongezeka: zege kwenye miinuko mikali, mawe ya kupangwa kwenye vilima vya Mwanza, changarawe pale ambapo magari ni machache. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoyashinda maji yaliyonyimwa njia.

Methali inatuhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Mimi barabara imeniongezea neno moja: kabla ya kuuziba, uulize umetoka wapi. Nimestaafu sasa, na kila nikisikia wananchi wanadai lami mpya, nawaunga mkono, ila huwaomba kwanza tukatazame mtaro. Wewe msomaji nawe, ukiona wa mtaani kwako umejaa taka na mchanga, usingoje shimo litokee. Chukua koleo na jirani yako, muuzibue kabla ya masika.