Mimi Ndiye Niliyemfundisha Kupita Kulia

Mpwa wangu alipogongwa na pikapu pale Ngamiani, Tanga, watu wote walimlaani dereva, nami nikiwa mmoja wao. Leo naungama nililolificha: mtoto yule alikuwa akiendesha baiskeli upande wa kulia wa barabara, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilimwambia, "Kaa kulia uyaone magari yanavyokuja. La nyuma hutaliona." Mimi pia nililelewa na maneno hayo, na kwa mtembea kwa miguu ni sahihi kabisa. Sikujiuliza kama yanamfaa na mwenye baiskeli. Baiskeli ni chombo, na kwetu vyombo hupita kushoto.

Mitaa ya Ngamiani imenyooka na kukatana, kila ukienda kidogo unakuta njia panda. Dereva anayetoka mtaani akitaka kukata kushoto hutazama kulia kwake, maana huko ndiko yanakotokea magari ya upande anaouingia. Kushoto, ukingoni, hatarajii chombo. Mpwa wangu alitokea huko. Pikapu wala haikuwa mbio, ilikuwa inatoa pua tu. Gurudumu la mbele likajikunja kwenye bampa, mtoto akarushwa juu ya usukani, akaangukia mkono. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Kofia ngumu hakuwa nayo, na hilo pia sikuwahi kulifikiria.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla. Baiskeli ikienda kilomita 15 kwa saa na gari 50, wakifuatana gari linamkaribia mwendeshaji kwa kilomita 35 kwa saa. Wakikabiliana, ni 65. Yaani hata dereva makini nilimnyang'anya karibu nusu ya muda wa kushika breki.

Trafiki alipouliza mtoto alikuwa akipita wapi, nilimwahi dada yangu kujibu: "Alikuwa upande wake." Dereva, kijana mdogo, alijaribu kueleza, watu wakamzomea. Gharama za hospitali akalipa yeye. Nami nikanyamaza, nikaacha alipe.

Kilichonivunja ni mpwa wangu mwenyewe. Mkono ukiwa kwenye plasta, akaniambia bila lawama yoyote, "Mjomba, pikapu niliiona. Ila dereva hakuniona mimi."

Nimekwenda polisi nikasema ukweli kabla ya kuandika haya. Dada yangu naye nimemweleza. Alikasirika sana, ana haki. Dereva nilimfuata kijiweni kwake na fedha zake zote. Alizipokea, akazihesabu, akasema watu wa mtaani kwake mpaka leo wanamwita mgonga watoto. Kwa hilo sikuwa na cha kumlipa.

Mpwa wangu sasa anapita kushoto, na kabla ya kukata kona anageuza shingo kutazama nyuma, kisha anatoa mkono. Ila hakuwa mwanafunzi wangu peke yake. Nawafuata wengine mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Mzee mmoja anayepeleka maziwa kwa baiskeli amekataa katakata: anasema nilimwonyesha mwenyewe kupita kulia, amezoea, na hajawahi kuguswa. Nimeshamwomba mara mbili, na nitarudi tena kwake.