MC wa Kibongo Houston, kiti mwendo chake, na bastola iliyokosa pa kukaa

Wanaofuatilia sherehe za Wabongo wa Houston, Texas, wanamjua. Jina halitajwi hapa kwa sababu mwenyewe hataki, ila ukisikia kitchen party imechangamka mpaka mashangazi wamevua viatu, jua mshika maiki ni yeye. Ana mdomo, ana madera ya kila rangi, na kwa miaka minne sasa kazi zote anazifanya akiwa kwenye kiti mwendo.

Ajali yenyewe aliiposti, na watu walilia naye. Gari, barabara kuu, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikagoma. Mkono wa kulia ulipona nusu, vidole viwili havikunji vizuri mpaka leo. Hayo yanajulikana.

Ambalo hakuliposti ni la usiku wa send-off moja. Saa nane usiku, paking imebaki tupu. Bidada ameshajivuta kutoka kwenye kiti, amekaa kwenye siti ya dereva, kiti kiko nje mlango wazi, anajiandaa kukikunja. Vijana wawili wakatokea. Walichukua mkoba uliokuwa umening'inia nyuma ya kiti, na tuzo yote ya usiku ule ilikuwa humo. Halafu mmoja akakisukuma kile kiti mpaka mwisho wa paking, akakiacha huko, wakaondoka wanacheka.

Hawakumpiga. Ila alikaa pale karibu saa nzima, kiti chake anakiona kwa macho na hawezi kukifikia, mpaka ndugu zake wakaja. Pesa ziliuma, lakini kilichomnyima usingizi ni kile kiti kilichosimama peke yake chini ya taa.

Wiki iliyofuata akamwambia dada yake: "Nanunua bastola."

BASTOLA ILIKUWA RAHISI, PA KUIWEKA NDIO KAZI

Kabla hujashtuka, kumbuka yuko wapi. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu aliyefikisha miaka 21 na ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha anaweza kutembea na bastola bila leseni. Bidada ni raia wa Marekani kwa makaratasi kamili, kwa hiyo kwa upande huo yuko salama. Wewe uliye huko kwa viza ya masomo au ya kutembea usijichanganye, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kabisa. Na huku nyumbani ndio usiguse, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mchezo na asiye na leseni.

Hata hivyo aliamua kuitafuta leseni, kwa sababu alitaka kufundishwa. Darasa ni la saa 4 hadi 6, kuna mtihani wa kuandika, kisha unapiga risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15. Alipiga amekaa, breki za kiti zimefungwa, kwa mkono wa kushoto. Akapasi.

Bastola yenyewe ilimchukua siku moja. Nyingi zina slaidi ngumu kuvuta, na mkono wake wa kulia hauna nguvu hiyo. Akapata Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ, ambayo ilitoka 2018 na imetengenezwa makusudi slaidi yake iwe laini. Kwa kiganja tu, bila kubana vidole, inavutika.

Baada ya hapo ndio kimbembe kikaanza: ataivaa wapi? Ile ala ya kuibebea, ambayo wengi wanaiita holsta, ikamtesa miezi mitano. Aliangalia video mpaka bando likaisha. Kila anayefundisha amesimama, amevaa jinzi na mkanda. Yeye hasimami, havai jinzi, na ana madera thelathini.

SAA TISA NDIO SAA TATU

Mwalimu wake ni mzee wa Kimarekani aliyewahi kuwa jeshini, mguu mmoja wa bandia. Yeye hupanga kiuno cha mtu kama uso wa saa. Kitovu ni 12, nyonga ya kulia ni 3, uti wa mgongo ni 6, nyonga ya kushoto ni 9. Siku ya kwanza bidada alicheka peke yake, maana mzee akisema 3, kichwa cha Mswahili kinasikia saa tisa. Wakakubaliana waonyeshane kwa kidole.

Nyonga, ambako watu wengi huvaa, kulifeli hapohapo. Kiti mwendo kina kinga pembeni na pa kuegemeza mkono. Bastola inabanwa katikati, na ukitaka kuichomoa kiwiko kinagonga chuma.

Mgongoni ndio hatari zaidi. Unaegemea kitu kigumu siku nzima juu ya uti wa mgongo ambao tayari una historia, na mkono haufiki.

Kifundo cha mguu, kule kwenye filamu wanakopenda, kwake hakuna maana. Hana misuli ya kiuno ya kumshikilia akiinama, angeanguka kifudifudi. Tena mguu usio na hisia hauwezi kukwambia kwamba mkanda umeubana.

Hili la hisia ndilo watu wazima wa afya hawalijui. Mtu aliyepooza anafundishwa tangu hospitali kwamba adui yake mkubwa ni kidonda cha mgandamizo. Kitu kigumu kikikandamiza ngozi muda mrefu damu haipiti, nyama inaanza kufa, na yeye hasikii chochote. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumlaza mtu miezi, na wapo kinaowaua. Bidada alijaribu holsta ya ndani ya nguo, ile inayogusana na ngozi, kwa saa tatu tu. Usiku alijikagua kwa kioo kama anavyofanya kila siku, akakuta doa jekundu chini ya kiuno. Alisubiri lipotee. Asubuhi lilikuwepo. Holsta ile ikarudi dukani siku hiyohiyo, na wiki mbili akalala ubavu.

Kifuani kwa mikanda ya mabegani alijaribu. Shida ya kwanza ni joto la Houston, maana unahitaji koti la kuifunika. Shida ya pili, kila akisukuma magurudumu mikanda inapanda shingoni. Na zile zinazolaza bastola kwapani mtutu unamwangalia aliye nyuma yako. Kwenye foleni ya keki nyuma yako ni bibi harusi.

Mkanda wa tumbo ulimfurahisha kwa sababu ulimkumbusha alivyofungwa tumbo na mama yake baada ya kujifungua. Ni kitambaa kipana cha kuvutika chenye mfuko. Lakini chini ya dera, utaifikiaje? Upandishe dera mbele ya mwizi? Isitoshe kitambaa ni laini, na mikono ya wenye ulemavu ina mambo yake. Misuli ikimshtuka ghafla, kidole kikisukuma triga kupitia kitambaa, basi.

MKOBA NA KITI, HAPANA

Hapa ndipo alipogombana na mwalimu. Alitaka mkoba. Ipo mikoba ya kike yenye mfuko maalumu wa bastola, na kwa mtu anayekaa inaonekana ndio jibu.

Mzee akamuuliza swali moja: "Wale vijana walichukua nini?"

Akanyamaza.

Tena ana binti wa miaka saba ambaye kila akimwona mama anaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta pipi. Mkoba ukafa hapo.

Akaja na wazo la kuifunga holsta kwenye kiti chenyewe, chini ya mto. Hapo hata hakuhitaji mwalimu. Kila akipanda gari kiti kinabaki nje. Kanisani watoto wanakisukumana. Na usiku ule walioondoka na kiti wangeondoka na bastola iliyojaa. Silaha ikae mwilini, au ikae kwenye sefu, katikati hakuna.

ALICHOKIPATA

Mwishowe jibu lilikuwa mbele kidogo ya nyonga ya kulia, nje ya nguo, kitako cha bastola kikiangalia mkono wa kushoto. Unavuka tumbo, unachomoa. Madereva wa masafa marefu wanaupenda mkao huu kwa sababu hiyohiyo, wanakaa siku nzima.

Holsta aliyochagua ni ya Kydex, plastiki ngumu inayolainishwa kwa moto na kufinyangwa kufuata umbo la bastola moja maalumu. Ya ngozi ni nzuri kuiangalia, lakini ikizeeka mdomo wake unaweza kulala, na mtu wa mkono mmoja hawezi kuufungua kwa mkono wa pili huku anarudisha bastola. Kydex mdomo uko wazi muda wote. Triga imefunikwa yote, hata msumari haupiti. Haina kifungo cha kubonyeza kwa gumba, inashika kwa kubana, na skrubu ndogo inaongeza au kupunguza. Kipimo chake ni hiki: bastola isiyo na risasi ndani ya holsta, geuza juu chini, tikisa. Isidondoke. Kisha akashuka nayo ukingo wa barabara na kiti, kwa kishindo. Haikudondoka.

Iko juu ya mkunjo wa paja, isichome anapoinama. Imeshikwa na mkanda mpana mgumu juu ya nguo ya kubana, si kwenye ngozi. Kioo cha usiku kikasema ngozi safi.

Ikabaki kuificha, na hapo dera likaaga. Mwanamke huyu alilia kwa madera kuliko alivyolilia pesa. Fundi mmoja wa Kikongo akamshonea makoti mepesi ya vitenge, wazi mbele, na kwenye pindo la kulia ndani akaweka kitanzi. Mkono wa kulia usiokunja vidole unaingiza kiganja kwenye kitanzi, unavuta koti pembeni na kupanda kifuani. Kazi hiyo hauhitaji nguvu. Na mkono ukiwa kifuani haupo njiani mwa mtutu.

Maana somo lililochukua muda kuliko yote ni mapaja. Aliyekaa, mapaja yako mbele yake. Ukichomoa kizembe mtutu unapita juu yake, na mguu usiosikia maumivu una mshipa mkubwa wa damu kama wa mtu mwingine. Marehemu Jeff Cooper, ambaye kanuni zake nne za usalama wa silaha zinafundishwa karibu kila darasa Marekani, alisisitiza mtutu usielekee kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kwa bidada kitu hicho kilikuwa miguu yake mwenyewe. Alifanya zoezi kwa bastola ya plastiki ya mafunzo kwa miezi miwili. Baadaye kwa ya kweli, tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine.

KISHA AKAJA KUGUNDUA

Kuna alama nyekundu ya 51% kwenye baa nyingi za Texas. Maana yake nusu ya mapato na zaidi ya sehemu ile ni pombe inayonywewa hapohapo, na kuingia na bastola ni kosa kubwa, hata mwenye leseni. Sasa MC anafanya kazi wapi? Kumbi kadhaa anazoitwa zina alama hiyo. Nyingine zina tangazo la 30.06, la kukataza wenye leseni kuingia na silaha iliyofichwa. Shule ya mtoto, hapana. Posta, hapana.

Halafu kuna kidonge chake cha kutuliza misuli, kinampa usingizi. Siku akikinywa, bastola inabaki kwenye sefu. Na binti akitaka kupanda mapajani, bastola inatoka kwanza, inafungiwa. Hiyo alijiwekea mwenyewe, na mtoto hupanda kila siku.

Dada yake alikaa kimya muda wote huo. Siku moja akahesabu kwa vidole, akasema: "Mdogo wangu, katika siku saba unaivaa mbili. Hizo nyingine tano unalindwa na nini?"

Hakukasirika. Alifikiria, kisha akafanya mambo mawili. Sasa tuzo zinaingia kwa simu, ameweka kadi yenye msimbo nyuma ya kiti, mashangazi wanaskani huku wanacheza. Na kwenye mkataba wake kuna mstari mpya: mwenye sherehe atoe watu wawili wa kumsindikiza mpaka gari liwashe na kiti kiwe ndani.

Bastola hajauza. Siku mbili zile, akienda sheli usiku au kurudi safari ndefu, inakaa pale chini ya kitenge na hakuna anayejua. Anasema imempa kitu ambacho leseni haikuandika. Tangu ajali, kila mtu alikuwa anaujua mwili wake kuliko yeye, daktari, nesi, ndugu, mpaka wezi. Miezi mitano ya kutafuta pa kuweka holsta ilimlazimisha kuupima mwenyewe, kujua mkono unafika wapi na ngozi inavumilia nini.

Madera amegawa ishirini na tano. Matano kayabakiza kwa siku ambazo bastola iko kwenye sefu, na mashangazi wanasema siku hizo ndizo anachangamsha zaidi.

Haya, uwanja wa komenti uko wazi. Ungekuwa wewe ndiye dada yake, ungemwambiaje?