Kutoka Komanda mpaka Bunia na nyonga iliyovunjika

Wamama, wengi wenu mumepita Komanda. Ni hapa njia zinapogawanyika: moja Bunia, moja Beni, moja Mambasa mpaka Kisangani. Malori yanasimama, ndizi na makala vinauzwa. Siku ile sisi hatukununua kitu. Tulikuwa na Tate, mwenzetu wa shirika, amelala juu ya godoro nyuma ya gari.

Aliteleza kisimani asubuhi ya mvua. Mguu wa kuume ulionekana mfupi kuliko mwingine, unyayo umegeukia inje. Vijana walitaka kumpandisha pikipiki, tulikataa. Tulifunga miguu yote miwili pamoja kwa kitenge, tukambeba juu ya mlango kama kipoyi cha zamani mpaka garini. Bunia ni kilometa karibu 75, na kila shimo la barabara tulilisikia katika sauti yake. Marabo alituomba tusimame. Tulisimama.

Hospitalini, picha ilionyesha shingo ya mfupa wa paja imekatika. Daktari alitueleza kwa ngumi na kiganja: ngumi ni kichwa cha mfupa, kiganja ni kikombe cha nyonga. Kwa mzee, kichwa kikikatika pale, damu haikifikii vizuri, mara nyingi hakiungi tena. Basi wanakitoa, wanaweka cha chuma. Kikombe nacho kikiwa kimeharibika, wanabadilisha vyote viwili. Aliyeifanya kazi hiyo ienee ni John Charnley wa Uingereza, miaka ya 1960.

Tulidhani Tate atalala miezi. Kumbe kesho yake walimsimamisha! Tulikasirika, tunakiri. Baadaye tulielewa: kulala sana kunagandisha damu mguuni, kunaleta vidonda vya mgongo na homa ya mapafu.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Majuma ya kwanza alikatazwa kuchuchumaa, kuinua goti kupita nyonga na kupishanisha miguu, maana kile kichwa kinaweza kuchomoka. Sasa, mwanamke wa Komanda asichuchumae? Choo chetu ni shimo, kiti cha jikoni ni kigoda. Seremala alitoboa kiti kirefu cha choo, kitanda kikawekwa juu ya matofali. Tukapanga zamu za maji na kuni. Mkwe wake aliambiwa: shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, au pumzi ikikata ghafula, arudishwe hospitali siku ile ile.

Jumamosi tulimkuta uani juu ya kiti chake kirefu, fimbo pembeni, anachambua sombe. Alituambia majani tuliyomletea yamezeeka kumpita yeye.