Nchi Isiyokuwa na Jina

Nimepotea kidogo, najua. Fildi imeisha, nimerudi kampasi nikiwa nanuka chaki mwili mzima, bumu halijatoka, na chumbani tumebanana wanne kwenye vitanda viwili. Hayo tumeshayazoea. Leo nina jingine, limenikaa kooni tangu wiki ya tatu ya fildi na nisipolitoa sitasoma chochote mpaka mitihani.

Nilipangiwa Historia na Jiografia, kidato cha tatu, shule moja ya kata huko mkoani, siitaji. Siku hiyo tulikuwa kwenye uchumi wa kikoloni, nimetundika ramani ya Afrika, ile ya zamani ambayo Sudan bado ni moja. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, hii nchi ya hapa katikati kwa nini haina jina?"

Nikamwambia ina jina, soma vizuri: Jamhuri ya Afrika ya Kati.

"Hilo si jina Madam. Hayo ni maelekezo."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Halafu nikafanya kile walimu wote wanachofanya wakibanwa: nendeni mkatafute, nitawauliza kipindi kijacho. Ukweli ni kwamba sikujua kitu. Mtu mzima, mwaka wa tatu, nasomea kufundisha Historia, na nchi yenye kilomita za mraba 622,984 nilikuwa naijua kwa Bokassa tu. Na huyo Bokassa mwenyewe kwa zile hadithi za kula watu.

Basi nikaanza kutafuta. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Kwa ukubwa ni kama theluthi mbili ya Tanzania, lakini watu wake ni milioni tano na ushee. Sisi kwenye sensa ya 2022 tulikuwa zaidi ya milioni 61. Kwa hiyo ukiwaza ile nchi, usiwaze Kariakoo, waza safari ndefu ya barabara nyekundu bila kuona mtu. Imezungukwa na nchi sita: Chad, Sudan, Sudan Kusini, Kongo zote mbili na Kameruni. Bahari hawana. Mzigo unaoingia Bangui, mji mkuu, mwingi unatoka bandari ya Douala kule Kameruni, zaidi ya kilomita 1,400 kwa lori. Njia nyingine ni mto Ubangi, majahazi yanapanda kutoka Brazzaville, ila maji yakipungua kiangazi yanakwama.

Kitu kilichonifurahisha kama mtu wa Jiografia ni mito. Nchi imekaa juu ya mgongo. Mvua ikinyesha upande wa kusini maji yanaingia Ubangi, yanakwenda Kongo mpaka Atlantiki. Ikinyesha kaskazini yanaingia Shari na kuishia Ziwa Chad, hayaoni bahari kabisa. Ndiyo maana Wafaransa waliiita Ubangi-Shari, mito miwili wakaiunganisha kwa kistari, kazi ikaisha. Kusini magharibi kuna msitu mnene wa Dzanga-Sangha wenye tembo na masokwe, na ndiko wanakoishi Baaka, ambao uimbaji wao wa sauti nyingi kwa pamoja UNESCO imeuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ukipanda juu msitu unaisha, inakuwa savana, mpaka kaskazini kabisa kunakaribia kuwa jangwa. Wagbaya, Wabanda, Wamandja, Wasara, Wazande, Wayakoma na wengine, lugha kama 70 hivi.

Halafu kuna Kisango. Jamani, hapa nilikaa wima. Ni lugha iliyokulia mtoni kwenye biashara, imetokana na Kingbandi, ikasambaa mpaka karibu kila mtu anaielewa hata kama nyumbani anaongea nyingine. Mwaka 1991 ikawa lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Nchi ngapi za Afrika zina lugha moja ya Kiafrika inayowaunganisha namna hiyo? Sisi tunajigamba na Kiswahili kana kwamba tuko peke yetu. Na kwa Kisango nchi yao wanaiita Bêafrîka. Bê ni moyo, ni katikati. Kumbe jina lipo, tatizo ni sisi kulisoma kwa lugha ya watu wengine.

Historia yake sasa, hapo pagumu. Karne ya 19 watu wa upande wa mashariki walivamiwa wakatwe na kuuzwa utumwani kuelekea kaskazini, hasa chini ya Rabih na baadaye Sultani al-Sanusi aliyekaa Ndélé, mpaka Wafaransa walipomwua 1911. Mpaka leo mashariki kuna maeneo makubwa hayana watu, na hiyo ni sababu mojawapo. Wafaransa nao walipofika hawakuja na nafuu. Mwaka 1899 waligawa makoloni yao ya huko kwa makampuni binafsi yapatayo 40, kila moja na eneo lake, kama mtu anavyokata keki. Kampuni ilitaka mpira wa porini. Wanaume wakichelewa kuleta mpira, wake na watoto wao walikamatwa na kufungiwa ndani kama rehani. Mwaka 1904 wanawake wengi waliofungiwa hivyo Bangui walikufa humo humo kwa njaa na kukosa hewa. Kumbukeni hiyo ya kukosa hewa, nitairudia.

Mwaka 1928 Wagbaya walisimama. Kiongozi wao alikuwa nabii aliyeitwa Karnu, ambaye aliwagawia watu kijiti kilichopinda kama mpini mdogo wa jembe ili kiwakinge. Vita ikaitwa Kongo-Wara, yaani vita ya mpini wa jembe. Karnu aliuawa Desemba mwaka huo huo lakini watu wake waliendelea mpaka 1931. Mtanzania yeyote akisoma hapa lazima aseme: hii si Maji Maji hii? Kinjikitile aligawa maji, Karnu akagawa kijiti, na kote risasi zilipita. Kilichowachosha kilikuwa kile kile pia, kodi na kazi za shuruti, ikiwemo kupelekwa kujenga reli ya Brazzaville hadi Pointe-Noire, ambako watu walikufa kwa maelfu. Mimi Maji Maji nimeisoma tangu shule ya msingi. Kongo-Wara nimeisikia nina miaka 22.

Kutoka kwenye mateso hayo akatokea Barthélemy Boganda, mzaliwa wa Bobangui, kijiji cha kusini. Akawa padri wa kwanza mzalendo wa Ubangi-Shari mwaka 1938, akachaguliwa mbunge kwenda Paris 1946, akaanzisha chama cha MESAN 1949, akaacha upadri, akaoa. Msemo wake ulikuwa wa Kisango, zo kwe zo, maana yake mtu yeyote ni mtu. Mpaka leo umo kwenye nembo ya taifa.

Na hili ndilo jibu la kijana wangu. Boganda hakuwa anaipa jina nchi moja. Aliona uhuru unakuja na nchi zinakatwa vipande vidogo visivyoweza kusimama, akataka Ubangi-Shari, Chad, Gabon na Kongo ya Brazzaville ziwe nchi moja kubwa, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa ukubwa huo jina lilikuwa sawa kabisa. Wenzake hawakutaka. Basi Desemba 1958 Ubangi-Shari ikabaki peke yake na jina la wanne. Ni kama vile mmepanga kununua basi watu wanne, wenzako wakajitoa, wewe ukanunua baiskeli na bado ubavuni ukaandika lile jina la kampuni.

Tarehe 29 Machi 1959 ndege aliyopanda Boganda kutoka Berbérati kwenda Bangui ilianguka, akafa. Chanzo hakikuwahi kuelezwa watu wakaridhika. Uhuru wenyewe ulikuja 13 Agosti 1960, bila yeye.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikaandaa maelezo yangu mazuri kwenye daftari. Alhamisi nikapangiwa zamu getini. Maagizo ya mkuu wa shule yalikuwa hayana mjadala: asiyevaa sweta la shule, la shule na si linalofanana nalo, arudi nyumbani. Sweta linauzwa hapo hapo shuleni. Mimi mwalimu wa fildi, ningesema nini? Nikasimama na fimbo yangu ambayo hata sijui kuitumia. Akaja yule kijana wa ramani, amevaa sweta la bluu, bluu kweli, ila si lile. Akaniangalia akijua nitamwachia. Sikumwachia. Nikamwambia, "Rudi, mwambie mzazi." Akasema, "Sawa Madam," akageuka. Hakuonekana Ijumaa, wala Jumatatu, wala Jumanne.

Jumanne hiyo usiku ndiyo nilifika kwenye sura ya Bokassa.

Mnamjua kwa juu juu. Ndugu wa Boganda, kijiji kimoja, askari wa zamani wa jeshi la Ufaransa. Usiku wa mwaka mpya kuamkia 1966 akampindua David Dacko, ambaye naye alikuwa ndugu yake. Tarehe 4 Desemba 1977 akajivika taji la ufalme mkuu kama Napoleon, sherehe iliyogharimu kama dola milioni 20, katika nchi ambayo walimu walikuwa wanakaa miezi bila mshahara.

Ila kilichomwangusha kilianza na sare. Januari 1979 iliamriwa wanafunzi wote wavae sare maalumu, zenye picha yake, na sare hizo ziliuzwa na biashara ya familia yake mwenyewe. Wazazi hawakuwa na pesa. Watoto wasio na sare wakarudishwa nyumbani kwenye mageti ya shule, na wakaingia barabarani. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaungana nao. Jeshi likafyatua risasi, watu wakafa. Amri ikalegezwa, lakini Aprili askari walizunguka mitaani wakakamata watoto, wakawajaza kwenye vyumba vidogo vya gereza la Ngaragba. Wengine walipigwa mpaka wakafa, wengine walikosa hewa. Inakadiriwa walikufa karibu 100. Amnesty International ilitangaza habari hizo Mei, na tume ya majaji kutoka nchi tano za Afrika ikaenda, ikasema karibu ni hakika kwamba Bokassa mwenyewe alihusika. Septemba 1979, akiwa safarini Libya, Wafaransa wale wale waliokuwa wamesaidia kugharamia taji lake walituma askari wakamrudisha Dacko.

Na zile hadithi za kula watu? Alishtakiwa kwa hilo pia aliporudi kutoka uhamishoni, na mahakama haikumtia hatiani. Ilimtia hatiani 1987 kwa mauaji. Lakini sisi tumeshika hadithi ya jokofu, tumesahau watoto wa sare. Naikasirikia sana hiyo.

Naombeni msinielewe vibaya, mkuu wa shule yetu si Bokassa, ni mtu anayehangaika na shule isiyo na madawati ya kutosha. Na mimi sikumfungia mtu. Lakini sikulala. Mwalimu gani aliyekuwa getini Bangui Januari ile? Alikuwa na jina, alikuwa na zamu, labda naye alikuwa wa fildi.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka maana ni mapinduzi juu ya mapinduzi: Kolingba 1981, Patassé akachaguliwa 1993, Bozizé akampindua 2003, waasi wa Séleka wakaingia Bangui Machi 2013, halafu wanamgambo wa anti-balaka wakalipiza kwa Waislamu, wengi wao wasio na hatia yoyote. Dunia ikasema ni vita ya dini. Wakati huo huo Imamu Kobine Layama alikuwa anaishi nyumbani kwa Askofu Mkuu Nzapalainga mle mle Bangui, wakizunguka pamoja na mchungaji Guerekoyame kuwasihi watu. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MINUSCA, kilianzishwa 2014 na askari wetu wamekuwemo. Kaka wa mwenzangu wa chumbani alishakwenda. Nilimpigia, nikatarajia habari za vita. Akaniambia watoto kule walimfundisha kuhesabu kwa Kisango, na kila asubuhi wanapita na madaftari kichwani ili jua lisiwachome.

Kijana alirudi Jumatano na sweta sahihi, kubwa, la mtu mwingine. Hakuuliza swali tena kipindi kizima. Nilifundisha habari za Boganda na ule mpango wa nchi nne, darasa likafurahi, yeye akaandika kila kitu. Habari za 1979 sikuzigusa. Nilijiambia hazimo kwenye muhtasari, na kweli hazimo.

Sasa niko hapa kampasi namwandikia barua. Kurasa mbili zimeshajaa, mito, Kisango, vita ya mpini wa jembe. Kipande cha sare nimekiandika mara mbili na mara mbili nimekikata. Ijumaa nina tesiti ya saikolojia ya elimu, nikitoka hapo nakaa naandika mara ya tatu, halafu naipeleka posta kwa anwani ya shule. Mwenye stempu aniambie.