Dada Anataka 245

Ukitaka kujua mtu amekaa na Subaru muda gani, tazama matairi. Mwezi wa kwanza gari bado liko na yale lililokuja nayo kutoka Japani. Akimaliza mkopo, ama hata kabla ya kumaliza, mpira unaanza kunenepa.

Dada yangu mkubwa amefika hapo. Lake ni Impreza WRX STI ya 2004, injini ya lita 2 na turbo, gari alilowekea akiba miaka minne huku sisi wengine tukimcheka. Mwezi uliopita alinitumia picha ya tairi la 245 na swali moja: "Injinia, hizi zitaingia?" Injinia ni utani wa nyumbani. Niliacha uhandisi mitambo mwaka wa tatu, na siku hizi naandikia maduka ya mtandaoni maelezo ya bidhaa, matairi yakiwemo. Sina gari, lakini vipimo vya matairi nimevisoma mpaka naviota.

Jibu la haraka lilikuwa ndiyo, zitaingia. Fundi yeyote pale Kirinyaga Road atakuvalishia karibu chochote ulicholipia. Swali ni kitakachofuata.

Matairi yake yalikuwa 225/45R17. Hiyo 225 ni upana kwa milimita. 45 ni asilimia: kimo cha ubavu ukikilinganisha na upana, yaani kama milimita 101. 17 ni rimu, kwa inchi. Sasa hapo katikati ndipo watu huchomeka. Ukipandisha namba ya kwanza na kuiacha ya pili, tairi halipanuki tu, linarefuka pia. 225/45R17 lina kimo cha milimita 634 kutoka chini hadi juu. 245/45R17 linafika 652. Kwa hivyo speedometa ikikuambia 100, wewe kwa kweli uko karibu 103, na tairi liko karibu zaidi na fenda kila ukiruka bampu. 245/40R17 ndilo linalorudi kwenye 628, karibu na kimo cha awali. Muuzaji akikuambia "weka tu 245" na akomee hapo, bado hajakuambia kitu.

Halafu kuna rimu. Zake zina upana wa inchi 7.5, na 245/40R17 linataka kuanzia inchi 8. Ukililazimisha, litakaa na litajaa hewa, hata litapendeza kwa picha. Lakini mabavu yatakuwa yamebanwa ndani, uso wa tairi uvimbe katikati, na ukikata kona kwa nguvu ule mpira uyumbe kabla gari halijageuka. Yaani umelipia ushupavu ukapewa ulegevu. Suluhisho ni rimu pana zaidi, na hapo pesa inaanza kutoka kama maji. STI ya 2004 ina boliti 5 kwenye duara la milimita 100. Kuanzia 2005 STI ilihamia 114.3, kwa hivyo rimu za beshte yako mwenye STI jipya kidogo hazikusaidii.

Nilimwambia yote hayo kwa voice note mbili. Akanijibu neno moja: "AWD."

Nalijua hilo jibu. Kwa watu wa Subaru ni kama "Mungu ni mwema", linafunga mjadala wowote. Lakini magurudumu yote manne kuvutwa na injini hukusaidia kuondoka, sio kusimama. Kila tairi linashika lami kwa kiraka kinachokaribia ukubwa wa kiganja. Uzito ukiwa uleule na presha ileile, tairi pana halikuongezei kiraka kwa kiasi unachodhani, linakibadilisha umbo: kinakuwa kipana na kifupi. Kwenye lami kavu, kona baada ya kona, hiyo ni faida ya kweli. Tairi pana pia linavumilia joto ukiendesha kwa fujo muda mrefu. Jumapili alfajiri huko Limuru dada yangu angeihisi, siwezi kumdanganya.

Shida ni Jumatatu. Anaishi Kitengela na anafanya kazi tao, na mvua ya Aprili ikishuka Mombasa Road maji husimama. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma kando, na uzito wa gari ni uleule. Linaelea mapema kuliko jembamba. Na mara moja kwa mwezi anayekaa kiti cha abiria ni Mama, akienda kliniki, mkoba mapajani, akimwambia apunguze mwendo hata wakiwa wamesimama kwenye jam.

Kitu kinachonichekesha ni kwamba hili gari linaheshimiwa Kenya kwa sababu ya Safari Rally. Colin McRae alishinda 1997, Richard Burns 2000, wote kwa Impreza. Mashindano ya dunia yaliporudi 2021, wasee walijaa Naivasha na bendera za buluu. Lakini tazama mpira wenyewe. Kwenye changarawe magari ya rali huvaa 205/65R15, jembamba lenye ubavu mrefu. Wakienda rali za lami ndipo wanavaa 235/40R18. Hao ndio wanaolipwa kwenda kasi.

Nikampigia kumwambia hivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Wewe hujawahi kuulizwa hilo gari ni la nani."

Kwenye mikutano yao, wanaume huzunguka gari lake, wanalisifu, halafu wanamuuliza mwenyewe yuko wapi. Mmoja alimweleza turbo ni nini. Tairi linalojaza fenda vizuri hujibu maswali kabla hayajaulizwa, na hiyo haiko kwenye hesabu zangu za milimita. Sikuwa na la kusema. Bado sina.

Nilichofanya ni kukuza ile picha. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kulikuwa na tarakimu nne: 1517. Wiki ya 15 ya mwaka wa 2017. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani, unakauka na kuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji haujali upana wake. Bei yenyewe ilikuwa kodi yangu ya miezi mitano. Nikamtumia ile picha tena, nimechora duara jekundu kwenye zile tarakimu. Hapo hakubishana.

Tulikubaliana kwa 235/45R17. Linaruhusiwa kwenye rimu ya 7.5, kimo chake ni 643, na ndilo Subaru wenyewe walilolipa STI ya 2005, ingawa kwa rimu ya inchi 8. Ilibidi kununua yote manne kwa mpigo. Gari lenye difu ya katikati halitaki tairi moja jipya kati ya matatu yaliyoisha, kwa sababu ile difu itashinda ikisawazisha mizunguko isiyolingana.

Jumamosi nilimsindikiza. Alisoma tarakimu za kila tairi kabla halijafunguliwa karatasi, akarudisha moja. Fundi alipomaliza alainimenti, alishika mpira wa hewa akaanza kujaza 40.

"Hapana," dada akasema.

"Madam, hizi ni pana. Zinataka hewa mingi. Nani amekwambia?"

Akanitazama, kisha akafungua mlango wa dereva na kumwonyesha stika.