Lebo ya Friji na Uniti za LUKU: Ujerumani na Tanzania Katika Kubana Matumizi

Matumizi ya umeme na maji katika nyumba huamuliwa mara mbili, kwanza siku kifaa kinaponunuliwa na kisha kila siku mkono unapokigusa, na Mtanzania anayehamia Ujerumani hutambua upesi kwamba nchi hizi mbili zimeweka nguvu zao pahala tofauti: Ujerumani humbana mnunuzi akiwa bado dukani, ilhali Tanzania humbana mtumiaji akiwa tayari nyumbani.

Katika duka la Kijerumani, kila friji, mashine ya kufulia au taa hubandikwa lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya, yaani karatasi yenye ngazi za rangi kuanzia kijani hadi nyekundu, inayoonyesha kifaa kinakula umeme kiasi gani. Kwa kuwa watengenezaji walikuwa wameboresha bidhaa zao hadi nyingi zikajazana katika madaraja ya A+, A++ na A+++, mnunuzi akawa haoni tena tofauti, ngazi hizo zilipangwa upya kuanzia tarehe 1 Machi 2021 (kwa taa, 1 Septemba 2021) kwa herufi A hadi G tu, na daraja la juu likaachwa karibu tupu kwa makusudi ili kuwe na nafasi ya kupanda. Kwa friji, lebo hutaja pia idadi ya kilowati-saa, kipimo ambacho Watanzania hukiita uniti, zitakazotumika kwa mwaka mzima. Kwa mashine ya kufulia huongezwa lita za maji kwa kila mzunguko.

Hata hivyo, baada ya kutoka dukani, Mjerumani huishi gizani kwa namna yake. Hulipa kiasi kilekile kila mwezi kwa makadirio, kisha mara moja kwa mwaka huletewa hesabu kamili, na hapo ndipo huambiwa kama atarudishiwa fedha au ataongeza. Kosa lililofanywa Januari hujulikana mwaka ukiwa umekwisha, jambo ambalo kwa mtu aliyelelewa na mita ya LUKU ya Tanzania ni la kushangaza kidogo.

LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, humfanya mtumiaji anunue uniti kabla ya kuzitumia na kuziona zikipungua kwenye mita, hivyo hata mtoto wa shule hujua kwamba pasi na hita ya maji ndizo zinazozimaliza. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hulipa shilingi 100 kwa uniti, bila kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti ya ziada hupanda hadi shilingi 350. Maji nayo hufundisha vivyo hivyo: anayenunua dumu la lita 20, au anayesubiri mgawo ili ajaze simtanki, huoga kwa ndoo moja na kutosheka, wakati bomba la mvua la kawaida lisilo na kifaa cha kupunguza kasi ya maji linaweza kumwaga kiasi hicho kwa dakika mbili. Lakini si haki kuusifu uhaba kana kwamba ni maadili. Familia inayooga kwa ndoo kwa sababu bomba limekauka haijachagua lolote.

Udhaifu wa Tanzania uko dukani, hasa kwa friji za mtumba, ambazo huuzwa kwa kutazama ukubwa, chapa na kama zinagandisha. Friji kuukuu, ambalo mpira wa mlango umelegea na kompresa yake inanguruma bila kupumzika, likila uniti moja na nusu kwa siku humaliza uniti 45 kwa mwezi, yaani zaidi ya nusu ya zile 75 za bei nafuu, kabla taa haijawashwa. Ghana ilianza mwaka 2013 kutekeleza marufuku ya uingizaji wa friji zilizotumika, na Kenya ina kanuni za mwaka 2016 zinazotaka vifaa kama friji na viyoyozi vibandikwe lebo ya nyota; njia zote mbili zinafaa kuigwa, ingawa marufuku bila friji jipya la bei ya kufikika humwacha mama ntilie bila pa kuhifadhia samaki.

Hapa diaspora wenyewe hawaepuki lawama, kwa kuwa makontena yanayotumwa Dar es Salaam hubeba mara nyingi friji ambalo familia ya Ulaya imeliondoa kwa sababu linakula umeme mno, nalo hupokewa na ndugu anayenunua uniti kwa shilingi elfu mbili mbili. Anayetaka kumsaidia ndugu yake na atafute lebo ya friji hilo, au alipime siku moja kwa mita ndogo ya kuchomekwa kwenye soketi, apate uniti za mwezi, kisha alinganishe na 75 kabla ya kulipia nafasi ya kontena.